Umeme kwenye mashine za offset za shiti: unapotelea wapi, na teknolojia mpya inaokoa nini hasa

RolaNaPleti (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wenye mashine za offset za shiti, yaani zinazochapa karatasi moja moja, iwe GTO 52 ya rangi mbili au Speedmaster na Rapida za rangi tano zenye kitengo cha vanishi. Bei ya umeme inauma, na kila muuzaji anasema mashine yake inaokoa umeme. Ukisoma kibati cha mashine mpya unaweza kukuta kilowati nyingi kuliko za ile ya zamani, ukadhani umedanganywa. Hujadanganywa, ila kilowati za kwenye kibati si kipimo cha kulinganishia mashine.

Kipimo ni kWh kwa kila shiti 1,000 nzuri, zile zinazofika kwa mteja. Sababu ni kwamba mashine ina mzigo wa kudumu: pampu za upepo, chila (mashine ya kupozea) ya maji, feni za makabati, taa na kompyuta. Huu haupungui sana ukipunguza mwendo. Tuseme ni kW 30. Ukichapa shiti 8,000 kwa saa, kila shiti 1,000 zinabeba kWh 3.75 za mzigo huo. Ukichapa 15,000 kwa saa zinabeba kWh 2 tu. Opereta anayetembeza mashine polepole ili "aokoe umeme" anafanya kinyume, mradi karatasi na rejista (rangi kuangukiana sawasawa) vinaruhusu kukimbia.

Heidelberg wanasema wamepunguza umeme kwa shiti 1,000 kwa karibu asilimia 40 tangu 1990. Punguzo hilo halikutoka kwenye kifaa kimoja. Limejikusanya kutoka kwenye mota kuu, upepo, kukausha, na muda wa kuseti uliofupishwa. Kwa hiyo tuchambue kimoja kimoja, maana mengine unaweza kuyafanya kwenye mashine uliyonayo bila kununua mpya.

Kabla ya yote, pima. Tafuta mita ya fezi tatu inayorekodi, yenye klampu tatu na nyaya za volti. Klampu ya kawaida inayosoma ampea tu haitoshi kwa sababu haioni pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi halisi). Funga kwenye kebo kuu ya mashine, kisha kwenye kila kabati la pembeni: upepo, kikaushio, chila, kompresa. Rekodi hali nne, robo saa kila moja: swichi kuu imewashwa lakini mashine imelala, iko tayari na pampu zinanguruma, inazunguka bila karatasi, inachapa kazi halisi. Halafu iache irekodi wiki nzima. Hali ya pili ndiyo ya kuitazama kwa makini. Mashine inayosubiri pleti, karatasi au mteja asaini rangi inaweza kula sehemu kubwa ya umeme wa kuchapa huku haitoi hata shiti moja.

---

FeziTatu

Uzi mzuri mkuu. Niongeze upande wa mota kuu na bili.

Mashine nyingi za miaka ya 80 na 90 zina mota ya DC inayoendeshwa na thairista (swichi za kielektroniki). Mota yenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba thairista hupunguza mwendo kwa kuchelewesha kuruhusu umeme, na kadiri mwendo unavyoshuka ndivyo pawa fakta inavyoanguka. Wakati wa kuosha na kuseti mashine inavuta ampea nyingi kwa kazi ndogo. Mwenye tarifa ya nyumbani au ya duka dogo haoni hasara hiyo kwenye bili. Mwenye tarifa inayotoza kVA (umeme wote unaovutwa, pamoja na usiofanya kazi), kama T2 ya TANESCO au zile za biashara kubwa za Kenya Power, anailipia kila mwezi.

Mashine za sasa zina mota ya AC ya sumaku au ya kawaida yenye inveta (kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota). Inveta nzuri inarudisha umeme kwenye mtandao wakati wa breki. Silinda za chuma za rangi tano zikikimbia shiti 15,000 kwa saa zimebeba nishati nyingi. Kwenye mfumo wa zamani nishati hiyo huchomwa kwenye rezista na kuwa joto. Usitegemee muujiza hapo lakini, kwa sababu mashine haifungi breki kila dakika. Faida inaonekana kwa wenye kazi fupi fupi, kuanza na kusimama mara nyingi kwa siku.

Tahadhari kwa wanaokimbilia kufunga kapasita ili kupandisha pawa fakta. Thairista na inveta zinatoa hamoniki (mawimbi ya umeme yenye masafa ya juu kuliko Hz 50 za kawaida), hasa ya 5 na ya 7, yaani Hz 250 na 350. Kapasita tupu zinaweza kuitikia masafa hayo, zikavimba na kupasuka, au fyuzi zikakatika bila sababu inayoonekana. Agiza benki ya kapasita yenye riakta (koili) za asilimia 7. Hizo huhamisha mwitikio mpaka karibu Hz 189, chini ya hamoniki ya 5. Fundi asiyejua riakta ni nini asikufungie kapasita.

Jambo lingine: watu wanaogopa ampea za kuwashia mota kwamba ndizo zinapandisha kVA za bili. Mita ya demandi hupima wastani wa dakika kadhaa, sekunde chache za kuwashia hazina uzito huo. Kinachopandisha ni kuwasha kikaushio, chila na kompresa vyote asubuhi, vikafanya kazi kwa nguvu zote pamoja kwa nusu saa. Washa chila kwanza, acha maji yafike kwenye nyuzi zake, kisha washa vingine.

---

UpepoSafi

Hapa kwenye upepo ndipo pesa ya haraka ilipo.

Fida (sehemu ya kulisha karatasi) na deliveri (ya kuzipokea) hazihitaji upepo wa bar 7. Zinahitaji upepo mwingi wa presha ndogo na uvutaji. Bar 6 hadi 8 ni kwa silinda ndogo za pneumatiki tu: kubana pleti, kuinua rola, kufungua kava. Kwa hiyo ukiona mtu amechukua mpira wa kompresa, ameubana kwa regyuleta na anapulizia rundo la karatasi, mwondoe hapo. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompresa hutoka kama joto, na kinachobaki kwenye upepo ni kidogo mno kukitupa kwa kazi ambayo blowa ndogo inaiweza.

Kupima uvujaji ni rahisi. Usiku, mashine zote zimezimwa na vali zote za matumizi zimefungwa, acha kompresa iwake. Chukua saa. Andika muda inaobeba mzigo na muda inaopumzika. Gawanya muda wa kubeba kwa jumla ya vyote viwili. Ikibeba dakika 2 na kupumzika 6, unavuja asilimia 25. Ukizidi asilimia 10 tafuta mahali kwa maji ya sabuni: viungio vya kuchomeka, mipira iliyokauka nyuma ya fida, na vali ya kutolea maji ya tangi ambayo mtu ameiacha wazi kidogo. Tundu moja la milimita 3 kwenye bar 7 linakula kama kW 3 hadi 4 mfululizo.

Kisha shusha presha. Kila bar 1 unayopunguza inaokoa takriban asilimia 7 ya umeme wa kompresa. Shusha nusu bar kwa siku, tazama kama vibanio vya pleti bado vinafunga vizuri. Na kompresa ivute hewa ya nje kwenye kivuli. Ikivuta hewa ya chumba chenye joto la kikaushio, kila nyuzi 3 au 4 za ziada zinaongeza kama asilimia 1.

Kwa pampu za upepo za mashine yenyewe, zile kavu zenye visu vya kaboni: filta ikiziba pampu inachemka, visu vinaisha haraka au vinavunjika na kukwangua ndani. Safisha filta kila wiki kwa wanaotumia poda nyingi (unga unaopuliziwa ili shiti zisigandane). Mashine mpya zimebadilisha huu mfumo kabisa. Badala ya pampu nne tano kila moja na mota yake, kuna kabati moja la upepo lenye inveta linaloongeza na kupunguza kulingana na mwendo na saizi ya karatasi. AirStar ya Heidelberg ni mfano. Ukipunguza mwendo wa feni mpaka asilimia 80, umeme unashuka mpaka karibu asilimia 51, kwa sababu nguvu inafuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (0.8 × 0.8 × 0.8).

---

FeziTatu

UpepoSafi, naomba niweke mpaka kwenye hilo la mwisho, maana mtu ataenda kununua inveta kesho. Hiyo kanuni ni ya feni na blowa za sentrifugo. Pampu ya visu haifuati hivyo: nguvu yake inashuka takriban sawasawa na mwendo, mwendo asilimia 80 nguvu nayo karibu asilimia 80. Tena ina mwendo wa chini kabisa. Visu husukumwa nje na mzunguko. Ukiizungusha polepole mno havigusi ukuta na uvutaji unakufa. Fuata kiwango cha mtengenezaji.

Na blowa za saidi chaneli zina tabia ya kushangaza: ukifunga vali ili kupunguza upepo, umeme unapanda badala ya kushuka. Ndiyo maana kwenye blowa za aina hiyo inveta inalipa haraka. Opereta huwa anabana vali siku nzima akidhani anapunguza mzigo.

---

UpepoSafi

Sahihi kabisa, asante. Nilikuwa na feni kichwani. Wasomaji wafuate maelezo ya FeziTatu kwa aina ya pampu waliyo nayo.

---

Mchapaji_Temeke

Swali kwa wadau. Mashine ya B1 (shiti ya sentimita 70 × 100 hivi) yenye vanishi ya maji na kikaushio cha IR (taa za mionzi ya joto) na hewa moto. Taa ziko asilimia 100 muda wote, na bado rundo linashikana. Je, kikaushio ni kidogo? Na tukipunguza si ndiyo tutaharibu kabisa?

---

WinoNaMaji

Kaka, mara nyingi kikaushio hakina kosa. Tuanze na hesabu ya maji.

Vanishi ya maji ni kama asilimia 60 maji. Ukipaka gramu 5 za vanishi mbichi kwa mita ya mraba, gramu 3 ni maji. Shiti ya 70 × 100 ni mita za mraba 0.7. Kwa mwendo wa 15,000 kwa saa ni mita za mraba 10,500, yaani kilo 31.5 za maji kila saa. Kuvukiza kilo moja ya maji kunataka karibu kWh 0.68. Jumla ni kama kW 21 za joto linalofika kwenye maji yenyewe, bila kuhesabu joto linaloishia kwenye karatasi, vibano na hewa. Sehemu ya maji hunywewa na karatasi, ndiyo maana kazi inawezekana. Sasa shusha vanishi mpaka gramu 3.5. Maji ni kilo 22, joto ni kW 15. Umeokoa zaidi ya robo kabla hujagusa kitufe cha kikaushio.

Kwa hiyo la kwanza ni rola ya aniloksi (yenye vishimo vinavyobeba vanishi). Angalia ujazo wake ulioandikwa ubavuni, na kama kazi nyingi ni za kulinda wino tu, si kung'aa sana, tumia yenye ujazo mdogo. Pima vanishi halisi: pima shiti kumi kabla na mara baada ya kupaka kwenye mizani ya gramu, gawanya kwa eneo.

La pili ni hewa, na hapa ndipo rundo lako linaposhikana. Taa za IR zinapasha maji, lakini anayeyaondoa ni hewa. Kama feni ya kutoa nje imeziba kwa poda, au bomba lake lina kona nyingi, mvuke unabaki juu ya karatasi na kurudi kwenye rundo. Opereta anaongeza taa, rundo linapata moto, vanishi inalainika, shiti zinagandana. Joto lililozidi linagandisha rundo sawasawa na unyevu uliozidi. Fungua, safisha filta na mabawa ya feni, na weka kikaratasi chepesi kwenye mdomo wa kuvuta uone kama unakishika.

Walio Dar, Tanga au Mombasa wasiseme hewa yao ni nyevu mno kukausha. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 75, ukiipasha mpaka nyuzi 60, unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 16. Ina uwezo mkubwa wa kubeba maji. Tatizo ni isipobadilishwa.

La tatu ni joto la rundo. Chomeka kipimajoto cha sindano katikati ya rundo, chini kidogo ya uso wa juu, baada ya dakika 20 za kuchapa. Lenga nyuzi 32 hadi 35. Likizidi 38 punguza. Punguza taa kwa asilimia 10, chapa rundo dogo, subiri, kagua kama shiti zinaachana, punguza tena. Wengi wanajikuta asilimia 50 au 60 na kazi inatoka vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kagua pia vioo vya nyuma ya taa: kikiwa cheusi kwa vumbi na poda, joto linaishia kwenye chuma.

Na taa za pembeni zizimwe karatasi ikiwa nyembamba. Vikaushio vipya vinafanya hivyo vyenyewe kwa kufuata saizi ya kazi.

Teknolojia mpya hapa ni kuzungusha hewa. VariDry Blue ya Koenig & Bauer inachukua hewa moto ambayo bado haijashiba maji, inaipeleka kwenye sehemu nyingine ya kikaushio badala ya kuitupa nje. Hewa iliyoshiba tu ndiyo inatolewa. Ni wazo lenye akili, na linafaa nchi za joto sawa na za baridi, tofauti na mambo mengine ya kurudisha joto ambayo yametungwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ujerumani.

---

TaaBaridi

Mmesahau mageuzi makubwa kuliko yote: LED-UV, yaani kukausha wino maalumu papo hapo kwa mwanga wa urujuanimno (UV) wa taa za LED. Ryobi walionyesha mashine ya LED-UV kwenye maonyesho ya drupa mwaka 2008, na leo karibu kila mtengenezaji anayo.

Linganisheni na UV ya zebaki. Taa moja ya zebaki ya wati 160 kwa sentimita, kwenye mashine ya B1, ni kama kW 17. Mashine ya kawaida ya UV ina tatu mwishoni, tayari ni zaidi ya kW 50. Taa hizo zinataka dakika kadhaa kupata moto, na mashine ikisimama hazizimwi, zinafunikwa na shata huku zikiendelea kula umeme. Zinatoa ozoni, hivyo kuna bomba na feni ya kuitoa nje. Maisha yake ni saa 1,000 hadi 1,500 hivi. LED inawaka na kuzimika papo hapo, haina ozoni kwa sababu mawimbi yake ni ya nanomita 365 hadi 395 hivi, na inadumu mara nyingi zaidi. Kati ya hizo mbili kuna H-UV ya Komori na ndugu zake: taa ya zebaki iliyochanganywa chuma, moja badala ya tatu, na wino mwepesi wa kuitikia.

Faida nyingine haimo kwenye mita: hakuna poda, shiti inatoka kavu, unageuza upande wa pili mara moja na kupeleka gilotini. Kwa kazi za haraka hiyo ni saa nyingi.

---

WinoNaMaji

TaaBaridi, dhidi ya UV ya zebaki nakubaliana nawe bila ubishi. Lakini wasomaji wengi wa hapa hawana UV. Wanachapa kwa wino wa mafuta. Ukichapa vitabu vya shule au fomu kwenye karatasi isiyo na koti, wino unanywewa na kukaushwa na oksijeni. Kikaushio kimezimwa kabisa. Ukimwekea huyo LED-UV umemwongezea mzigo wa umeme, hujampunguzia. Anachonunua ni muda, si umeme, na hilo linaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa. Aulizie tu kwa jina lake: muda.

Halafu wino wa LED ni ghali mara kadhaa, rola za EPDM (mpira wa kazi za UV) hazivumilii wino wa mafuta na mafuta ya kuoshea ya kawaida, zinavimba. Ukitaka kuchanganya kazi za aina mbili kwenye mashine moja agiza rola za mchanganyiko na mafuta ya kuoshea yanayoendana nazo. Na TPO, kiamshi kilichotumika sana kwenye wino za LED, Ulaya imekiweka mwaka 2023 kwenye orodha ya kemikali za kuhofiwa sana. Mwenye kuchapa vifungashio vya chakula adai hati ya wino isiyo nayo.

---

BomoaJoto

Naongeza jambo la LED ambalo watu wa mauzo hawalisemi, na wa mwambao wote wa kwetu, Zanzibar, na hata Muscat kule Oman, linawahusu.

Kichwa cha LED kinapozwa kwa maji. Zaidi ya nusu ya umeme unaoingia unageuka joto pale pale kwenye chipu, na lazima uondolewe. Kwa hiyo umeme wa LED ni wa taa pamoja na chila yake. Muuzaji akikupa namba mbili, moja ya wati kwa sentimita ya mraba na nyingine ya kW, jua ya kwanza ni mwanga unaotoka. Dai ya pili, yaani kW za mtandaoni, na udai iwe pamoja na chila kwenye joto la nje la nyuzi 35.

Sasa hatari. Hewa ya nyuzi 30 na unyevu asilimia 75 inaanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 25. Fundi akiseti maji ya kupozea nyuzi 18 au 20, kama kitabu kilichoandikwa kwa chumba chenye kiyoyozi kinavyosema, umande unaingia kwenye dirisha la kioo na kwenye viunganishi vya umeme. Unaanza kuona mstari wa wino usiokauka upande mmoja wa shiti, kisha moduli inakufa. Ama chumba kipozwe na kukaushwa mpaka unyevu asilimia 50 hadi 55, kama karatasi yenyewe inavyotaka, ama maji ya kupozea yapandishwe juu ya nukta ya umande kwa nyuzi 2 au 3, mradi mtengenezaji anaruhusu. Kipimajoto na kipima unyevu karibu na kichwa ni bei ndogo. Kiwe pale. Na chila isiwashwe usiku kucha wakati kiyoyozi kimezimwa.

Kuhusu joto lote linalotoka kwenye mashine: Ulaya wanalirudisha kupasha jengo. Kwetu joto la pampu, chila na kikaushio likiachwa ndani ya chumba, kiyoyozi kinalilipia mara ya pili. Agiza makabati yanayopozwa kwa maji, na kondensa iwe nje ya ukuta, kivulini, isivute hewa ya kikaushio. Kwenye mashine ya zamani, hata kuhamisha pampu kwenye chumba cha pembeni chenye matundu kunasaidia. Mipira iwe mifupi na mipana, kwa sababu mpira mrefu mwembamba unakula uvutaji.

---

Mchapaji_Temeke

Asanteni sana. WinoNaMaji, chila ya maji ya kulowanishia nayo inakula. Tunaiweka nyuzi 8 kwa sababu ya pombe. Kuna namna?

---

WinoNaMaji

Hizo nyuzi 8 zinatoka kwenye pombe ya isopropili ya asilimia 8 hadi 10: maji yakipata joto pombe inaruka. Ukiipunguza unaweza kupandisha maji mpaka nyuzi 12 au zaidi, na kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa kama asilimia 2 au 3 ya umeme wa chila. Mabomba yanaacha kutoa jasho pia.

Usiikate siku moja. Kwanza pima maji ya bomba. Ugumu ulenge dH 8 hadi 12 (nyuzi za Kijerumani za ugumu wa maji). Maji ya kisima cha pwani mara nyingi yamezidi, hivyo weka kichujio cha osmosisi kisha urudishe ugumu kidogo. Pata dawa ya kuchanganya kwenye maji ya kulowanishia iliyotengenezwa kwa pombe ndogo, pH ikae 4.8 hadi 5.3. Kagua rola ya kupimia maji: ikiwa ngumu na inang'aa haitabeba maji bila pombe, itahitaji kubadilishwa kwa iliyo laini zaidi. Kisha punguza pombe asilimia 1 kila baada ya siku chache huku ukiangalia kondaktiviti (uwezo wa maji kupitisha umeme). Michirizi ikianza kwenye pleti upande mmoja, seti ya rola ndiyo yenye makosa. Pombe ilikuwa inaificha.

Na rola za wino zisikazwe. Mstari wa rola ya fomu (inayopaka wino) kwenye pleti uwe milimita 3 hadi 4. Rola iliyozeeka, iliyofika Shore 40 (kipimo cha ugumu wa mpira) na zaidi, inamshawishi opereta aikaze. Msuguano unapasha wino, mota kuu inavuta zaidi, na chila inafanya kazi ya kupoza joto ulilolitengeneza mwenyewe.

---

BiKaratasi

Wadau mmechambua mashine vizuri, ila mmeacha kilicho kikubwa kuliko umeme wote mlioutaja. Karatasi na pleti.

Shiti 70 × 100 ya gramu 135 ina uzito wa gramu 94.5. Karatasi za kuseti 300 ni kilo 28. Kutengeneza karatasi, kwa makadirio ya chini ya kWh 3 kwa kilo, joto na umeme pamoja, ni kWh 85 zimetupwa. Kama mashine yako inatumia kWh 8 kwa shiti 1,000, hiyo ni sawa na umeme wa kuchapa shiti zaidi ya 10,000. Kazi ya nakala 2,000 inaliwa na kuseti.

Pleti nayo. Ya 790 × 1030, unene milimita 0.3, ni gramu 660 za alumini. Alumini mpya inataka kama kWh 14 kwa kilo, yaani kWh 9 kwa pleti na 37 kwa seti ya rangi nne. Kuyeyusha iliyotumika kunataka kama asilimia 5 tu ya hiyo. Pleti zisitupwe, na zisichomwe (yaani zisitengenezwe) mara mbili kwa sababu ya kosa la mpangilio ambalo lingeonekana kwenye prufu.

Ndiyo maana nasema maendeleo makubwa ya miaka hii 20 yako kwenye kuseti: kubadilisha pleti zote kwa pamoja, kuosha blanketi huku kazi nyingine ikiendelea, kufungua vifunguo vya wino kwa data ya CIP3 (fomati inayoieleza mashine kiasi cha wino kila sehemu) kutoka kwenye faili, na kamera inayopima rangi ndani ya mashine na kusahihisha yenyewe. Prinect Inpress ya Heidelberg na QualiTronic ya Koenig & Bauer ni za aina hiyo. Mwenye mashine ya zamani anaweza kupata sehemu ya faida hiyo: data ya CIP3 kwenye konsoli kama inapokea, densitomita (kipima wingi wa wino) mezani, na kuanza kuseti kwa karatasi zilizokwisha kuharibika kabla ya kugusa nzuri.

---

Mchapaji_Temeke

Swali la mwisho. Mtu ananunua mashine iliyotumika Ulaya, B2 (nusu ya B1) rangi nne. Kwa habari ya umeme, aangalie nini?

---

RolaNaPleti

Kwanza orodha ya makabati yote ya pembeni na vibati vyake, kila kimoja kwa picha. Wauzaji hupakia mashine na kuacha kabati la upepo au chila, kisha unafunga pampu za kuokoteza ambazo hazijui mwendo wa mashine.

Pili, aombe mashine iwashwe na ichapwe mbele yake au kwa video, mita ikiwa imefungwa, kwenye zile hali nne. Aandike kW za kusubiri. Tatu, aina ya mota kuu: DC au AC, na kama DC, hali ya brashi na komyuteta. Nne, idadi ya impresheni kwenye kaunta, na vipimo vya Shore vya rola. Tano, volti: mashine ya Ulaya ni fezi tatu 400 V na 50 Hz, inakubaliana na ya kwetu, lakini ya Japani au Marekani inaweza kuja ya 200 V au ya 60 Hz, na transfoma ya kubadilisha volti (Hz haizibadilishi) inakula umeme wake saa zote ikiwa hewani.

Kikaushio kikiwepo, aulize kama kina kanda za kuzima pembeni na kama bomba la kutoa hewa linakuja nacho. Na kama ni UV ya zebaki, saa za taa zilizobaki na upatikanaji wake, kwa sababu zebaki inabanwa duniani kote chini ya Mkataba wa Minamata na asitegemee kwamba taa zitakuwa rahisi miaka kumi ijayo.

---

FeziTatu

Ongeza moja: aombe mchoro wa umeme wa mashine hiyo hiyo kwa namba yake ya utengenezaji. Bila mchoro, fundi atakayefunga inveta au kapasita baadaye atakuwa anabahatisha.